Vaa kwa Ajili ya Kileleni, Si kwa Ajili ya Getini

Kupanda mlima na kurudi siku hiyohiyo kumekuwa burudani ya watu wengi wa mijini. Wafanyakazi wa ofisi moja, vijana wa kwaya, wanachuo, familia zenye watoto wakubwa, mwisho wa wiki utawakuta Ngong na Longonot nchini Kenya. Kwa upande wa Tanzania utawakuta Lupanga juu ya mji wa Morogoro, maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa, au kwenye njia ya Marangu inayopanda hadi kambi ya Mandara, Kilimanjaro. Ni jambo jema, na kila anayeweza kutembea anastahili kulijaribu.

Ila watazame wanaposhuka kwenye gari. Jinzi, fulana ya pamba, raba zenye soli laini, chupa moja ya maji mkononi, simu mfukoni. Saa 2 asubuhi mavazi hayo hayana neno. Shida huanza saa 8 mchana, mawingu yanaposhuka, mvua ikanyesha, njia ikawa tope, na kundi likagundua kwamba nusu ya safari bado iko mbele. Walichagua nguo kwa kuitazama hali ya hewa ya pale walipoanzia.

Ushauri wangu wote unatoka kwenye swali moja, na ningependa kila msomaji ajiulize kabla ya kufunga begi: nikiwa sehemu ya juu kabisa, mvua ikininyeshea, mwenzangu akiteguka mguu na jua likiwa linazama, nitakuwa na nini mwilini na nini begini? Ukiweza kulijibu, umejiandaa. Ukishindwa, bado, hata kama umevaa viatu vya bei mbaya.

Ijue hali ya unakokwenda

Kwa wastani, joto hupungua takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kiko zaidi ya mita 2,100. Kwa hiyo mjini kukiwa na nyuzi 30, kileleni tarajia karibu nyuzi 20. Kwa mtu aliyekauka, nyuzi 20 ni raha. Kwa mtu aliyelowa jasho, amesimama upeponi na fulana imemganda mgongoni, ni baridi inayotetemesha.

Kila mlima una adha yake. Longonot ni jua na vumbi. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni takriban kilomita 3, kuuzunguka ukingo ni kama kilomita 7 nyingine, na muda mwingi hakuna kivuli wala mahali pa kuchota maji. Ngong ni upepo, na si bure mitambo ya kufua umeme wa upepo imejengwa palepale mgongoni mwa vilima. Njia ya kwenda Mandara hupita kwenye msitu wa mvua, kutoka karibu mita 1,900 hadi karibu mita 2,700, na mizizi yake huteleza hata siku ambayo Moshi mjini hakuna wingu. Sanje, ambako maji huanguka jumla ya mita 170 hivi, ni joto la msituni, mawe yenye utelezi na manyunyu yanayolowesha nguo bila mvua.

Majira nayo yana neno lake. Masika huwa kati ya Machi na Mei na vuli huwa kati ya Oktoba na Desemba, lakini milima hii huvuta mvua yake yenyewe, hasa baada ya adhuhuri. Julai na Agosti hakuna mvua nyingi, ila baridi ya asubuhi ni kali. Hakuna mwezi ambao koti la mvua hubaki nyumbani.

Anza na miguu

Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua viatu. Kwa safari ya siku moja si lazima upate buti zito la ngozi. Tafuta mambo matatu: soli yenye meno marefu yanayoshika tope na changarawe, kisigino kisichopwaya, na nafasi mbele ya vidole. Nafasi hiyo utaihitaji zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu kila hatua husukuma mguu mbele. Mtu ambaye kiatu chake kinambana hushuka Longonot akiwa na kucha nyeusi.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyovimba mlimani. Beba soksi utakazovaa siku ya safari. Ingiza mguu bila kufunga kamba, usogeze mbele hadi vidole viguse, kisha jaribu kupitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimisha, kipimo kinafaa. Halafu funga kamba ushuke ngazi au mteremko. Vidole vikigonga mbele, rudisha. Kiatu kipya kivae wiki mbili kazini na sokoni kabla ya kukipeleka mlimani, na kata kucha siku mbili kabla ya safari.

Wengi wetu tutanunua mtumbani, iwe Gikomba na Toi jijini Nairobi, Karume jijini Dar es Salaam au Memorial mjini Moshi. Huko kuna mabuti mazuri kuliko ya madukani, lakini yana hatari moja isiyoonekana kwa macho. Tabaka laini lililo kati ya soli na sehemu ya juu ya buti mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na malighafi hiyo huoza polepole kwa joto na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti likiwa limekaa miaka mingi stoo Ulaya, likasafiri baharini ndani ya kontena, linaweza kung'aa kama jipya na bado soli ikabanduka yote baada ya saa mbili za kupanda. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha, kisha likunje buti kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukiona nyufa, likimwaga unga au likinata vidoleni, liache. Fundi viatu anaweza kukushonea soli iliyoachia gundi, na ni vizuri amshonee kila mwenye buti la mtumba kabla ya safari. Ila tabaka lililooza halishoneki.

Soksi ziwe za sufu au za michezo zenye mchanganyiko wa nailoni. Za pamba tupu hulowa, hukunjamana na kuleta malengelenge. Beba jozi ya pili, na ukihisi sehemu ya mguu inawaka, simama hapohapo uibandike plasta. Lengelenge huzuilika kwa dakika mbili za kusimama, lakini likishapasuka utachechemea nalo hadi nyumbani.

Nguo tatu zinazofanya kazi pamoja

Pamba ni nguo nzuri ya nyumbani na ya pwani. Mlimani ina kasoro kubwa: hunywa maji na kukaa nayo, kisha hujikausha kwa joto la mwili wako. Jinzi ni mbaya zaidi, kwa sababu ikilowa huwa nzito, hubana magoti na haikauki siku hiyo.

Nguo ya kwanza kugusa ngozi iwe ya poliesta. Wala usiende dukani kuitafuta, kwani karibu kila nyumba ina jezi ya mpira. Jezi ya Simba, ya Yanga au ya Gor Mahia imetengenezwa kwa kitambaa kinachopitisha jasho na kukauka upesi, na mlimani inaishinda fulana yoyote ya pamba. Chini vaa suruali ndefu nyepesi ya michezo au ya kitambaa cha nailoni. Kaptula inavutia asubuhi, lakini suruali ndefu inakukinga na jua, na upupu, na majani yanayokata, na kupe. Kwenye misitu yenye unyevu, ukisikia kiongozi anasema kuna siafu njiani, chomeka suruali ndani ya soksi na upite bila kusimama.

Ya pili ni nguo ya joto, nayo haivaliwi wakati wa kupanda. Hukaa begini hadi mnapopumzika. Sweta jepesi la poliesta lenye manyoya mafupi linafaa sana, na la sufu linafaa pia kwa sababu sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Livae mara tu unaposimama, kabla hujaanza kutetemeka. Ukianza tena kupanda, livue, maana sweta likishalowa jasho halikupi joto kama likiwa kavu.

Ya tatu ni koti la mvua lenye kofia. Mwavuli hausaidii kwenye upepo wa Ngong, na msituni hunasa matawini. Koti zito la plastiki wanalovaa madereva wa bodaboda huzuia mvua kikamilifu, ingawa ndani utatoka jasho. Kama ndilo ulilo nalo, beba hilo, ni bora mara mia kuliko kutokuwa na koti. Ukinunua la mtumba, ligeuze ndani nje. Utando wa ndani ukiwa unabanduka vipande vipande, koti hilo litapitisha maji. Angalia pia kama mishono imefunikwa kwa utepe upande wa ndani, kisha mwagia maji kidogo begani na uone kama yanateleza au yananyonywa.

Hapohapo mtumbani kuna jambo la kisheria. Makoti mengi ya wawindaji wa Ulaya na Marekani yana madoa ya kijani na kahawia yanayofanana na sare za jeshi. Tanzania, Kenya na Uganda sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo. Usinunue koti kama hilo, hata likiwa zuri na rahisi kiasi gani. Chagua rangi kali, kama nyekundu, njano au machungwa, ili ukipotea kwenye ukungu uonekane.

Wanawake wanaovaa sketi, dera au hijabu wasiambiwe kwamba mlima si wao. Sketi pana inayoishia chini kidogo ya goti, juu ya taiti nene au suruali ya michezo, huachia hatua ndefu na hulinda staha. Ile inayoburuza ndiyo ya kuepuka, kwa sababu hukanyagwa wakati wa kupanda na huficha mahali mguu unapotua wakati wa kushuka. Mtandio uwe wa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, ubanwe vizuri usipeperuke usoni, na wa pili ukae begini. Kanga moja nayo ina kazi nyingi: pazia la kubadilishia nguo, kivuli cha kichwa, kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika.

Jua la milimani

Kadiri unavyopanda, miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na hewa ya baridi inakudanganya kwamba jua si kali. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi lakini nayo huungua, hasa pua, masikio na shingo. Vaa kofia yenye ukingo mpana unaozunguka pande zote, si kepu peke yake, na mikono mirefu kwenye milima isiyo na miti. Miwani ya jua husaidia Longonot zaidi ya kwingine, maana vumbi lake la volkano ni laini na upepo hulipeperusha machoni. Kitambaa chepesi cha kufunika pua kinafaa pia.

Kama katika kundi lenu kuna mtu mwenye ualbino, mambo haya kwake ni ya lazima, na kundi zima lipange ratiba ya kumwepusha na jua la saa 6 hadi saa 9 mchana. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, yalibuniwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Vya kuweka begini

Begi la mgongoni la lita 20 hadi 25 linatosha, na begi imara la shule linafanya kazi hiyo. Mikanda ya mabega iwe mipana. Vitu vizito, kama maji, vikae karibu na mgongo na katikati. Mikono ibaki mitupu, kwa sababu mtu anayeshika chupa na simu hana cha kujishikia anapoteleza.

Maji ni lita 2 kwa mtu mmoja kama kiwango cha chini, na lita 3 kwa Longonot au siku yoyote ya jua. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, usingoje kiu. Tumia chupa ya kujaza tena. Nchini Kenya, plastiki za kutumia mara moja na kutupa, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Kwa hiyo simu, kitambulisho na dawa viweke ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana, nalo litavikinga na maji vizuri.

Chakula kiwe kile ambacho tumbo lako limekizoea: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, tende, ndizi. Kiwe kingi kidogo kuliko unavyodhani utakula, na kifungwe ndani ya begi. Nyani wa milimani wamejifunza kunyang'anya mkate ulio mkononi. Pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile anayopewa mgonjwa wa kuhara, haina uzito na humsaidia sana mtu aliyetoka jasho jingi.

Tochi ya kichwani wengi huiacha kwa kuwa wanapanga kurudi mapema. Huku kwetu karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia kwa haraka. Msituni huanza kuwa giza kabla ya hapo. Simu haiwezi kuchukua nafasi ya tochi: inashika mkono mmoja, na chaji yake ndiyo mtakayoihitaji kuita msaada. Weka betri mpya, au ichaji usiku wa kuamkia safari.

Ongeza filimbi. Sauti ya mtu huchoka upesi na upepo huimeza, lakini filimbi husikika mbali. Kubalianeni kabla ya kuanza: mipulizo mitatu, kimya, kisha mitatu tena, maana yake ni kuomba msaada. Mfuko mdogo wa huduma ya kwanza uwe na plasta, bandeji ya kufungia kifundo cha mguu, dawa ya maumivu na dawa ya vidonda. Mwenye pumu, kisukari au shinikizo la damu abebe dawa zake mwenyewe, na amwambie mtu mmoja kundini zilipo. Kitambulisho kisisahaulike, kwa sababu viingilio vya wananchi hutofautiana na vya wageni na utatakiwa kuthibitisha wewe ni nani.

Fimbo ni nyongeza yenye faida kubwa wakati wa kushuka, hasa kwa mwenye magoti mabovu. Njoo nayo kutoka nyumbani au ikodi kwa wenyeji pale panapokodishwa, usikate mti wa hifadhi. Glavu nyepesi zinafaa Ngong asubuhi, na pia mahali pa kupanda kwa kushika mizizi, kama karibu na kilele cha Lupanga.

Fedha zikiwa chache

Usikatishwe tamaa na picha za watu waliovaa nguo za maelfu. Fedha zako zifuate mpangilio huu: kwanza viatu, pili koti la mvua, tatu tochi ya kichwani, nne sweta. Vingine vyote, kuanzia jezi hadi kanga, begi na kopo la chakula, yumkini viko nyumbani au kwa jirani. Kuazima si aibu. Mlima hauulizi jina la kampuni iliyoshona koti lako, unauliza kama linazuia maji.

Jambo la mwisho nawaambia wanaoandaa safari: viongozi wa vikundi, walimu, wenyeviti wa vyama vya ofisini. Kutuma orodha ya vifaa kwenye simu za watu hakutoshi. Siku ya safari, kabla ya kuvuka geti, kila mtu afungue begi lake mwangalie vitu vinne: maji, koti la mvua, nguo ya joto na tochi. Beba makoti mawili ya akiba kwa ajili ya waliosahau. Asiye navyo na asiyepata wa kumwazima abaki chini siku hiyo, hata kama amelipa nauli. Huko juu mjue dalili za mtu anayepoteza joto: anatetemeka bila kukoma, anajikwaa mahali pa tambarare, maneno yanamkwama. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni kitu kitamu ale kama ana fahamu zake, kisha mshuke naye bila kuchelewa. Kumbukeni kwamba mtoto na mtu mwembamba hupoa kabla ya wengine.

Ukifika nusu ya njia ukaona huna kinachohitajika kwa saa zilizobaki, geuka. Uamuzi huo hauna aibu yoyote, na hakuna kifaa begini kinachookoa watu wengi kuliko huo.